Kabla ya Kuvuta Kamba: Kuitambua na Kuiendesha Injini Kongwe ya Boti

Mtu amefungua stoo ya marehemu babu yake, akakuta injini ya boti imeegemea ukuta chini ya gunia. Anaeleza: "Ni Johnson ya zamani, farasi kumi hivi, ukiizungusha inazunguka." Halafu anauliza mambo mawili: itawaka? Na petroli yake ichanganywe na oili kiasi gani?

Swali la kwanza ni jepesi kuliko anavyodhani. Injini hizi ni sugu. Zikipata cheche, petroli na mgandamizo, nyingi hunguruma hata kama zimelala miaka thelathini. Swali la pili ndilo linaloua injini, maana halina jibu mpaka ijulikane ile ni Johnson ipi, ya mwaka upi. Johnson ya 1955 na ya 1975 zinashiriki jina, na asiyezizoea ataziona watoto wa tumbo moja. Lakini ya kwanza inataka oili mara mbili ya mwenzake, na inalishwa mafuta na tangi la aina nyingine kabisa. Ukiihudumia moja kwa kanuni za nyingine itawaka vizuri tu, itakwenda vizuri tu, kisha siku moja mbali na pwani pistoni itakamata na hutakuwa na la kufanya ila kushika kasia.

Kwa hiyo kuitambua injini si mchezo wa wakusanya vitu vya kale. Ni hatua ya kwanza ya kuiwasha.

Jina la ubavuni lisikuridhishe

Biashara hii ilichangamka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Cameron Waterman alikuwa ameshatangulia kuuza injini ya kupachika kwenye boti pale Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei, alipoanza kuuza yake mjini Milwaukee mwaka 1909: silinda moja, nguvu ya farasi 1.5, uzito wa kilo 28 hivi. Ndugu wa Johnson wakaingia mwaka 1922 na injini nyepesi ya silinda mbili. Kufikia 1936 Evinrude na Johnson zilikuwa chini ya mwenye mali mmoja, kampuni iliyokuja kuitwa OMC, na kwa miongo mingi baada ya hapo mtambo uleule ulitoka kiwandani umevaa makava mawili tofauti, moja lina jina hili na jingine jina lile.

Kisha kuna majina ya dukani. Maduka makubwa ya Marekani yaliagiza injini viwandani na kuzibandika majina yao. Elgin iliuzwa na Sears, lakini nyingi zilitengenezwa na kampuni ya West Bend. Wizard iliuzwa na Western Auto, na nyingi za mwanzo zilitengenezwa na Carl Kiekhaefer, yuleyule mwanzilishi wa injini za Mercury. Sea King ilikuwa ya Montgomery Ward. Mwenye Wizard anayezunguka kutafuta vipuri vya "Wizard" atazunguka sana. Avipataye ni yule anayejua kwamba ndani ya kava mna Mercury.

Rangi nayo ni shahidi dhaifu. Johnson za miaka ya 1950 zilijulikana kwa kijani, Evinrude kwa bluu, lakini injini ya miaka sitini huenda imepakwa rangi mara tano, na vibandiko vipya vinachapishwa kila siku. Nimewahi kufungua injini moja nikakuta kava la mwaka mmoja, kichwa (sehemu ya juu yenye silinda) cha mwaka mwingine, na mguu (sehemu ya chini yenye gia na propela) wa injini ya tatu, vyote vimeunganishwa kwa ustadi wa kusifiwa. Aliyeniuzia hakudanganya, naye aliikuta hivyo.

Hata namba ya farasi iliyoandikwa kwenye kava ina hila yake. Zamani nguvu ilipimwa kwenye krenkshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji walihamia kupima kwenye shafti ya propela, baada ya gia kula sehemu yao, ndiyo maana utakuta injini mbili zinazofanana kila nati na moja imeandikwa farasi wachache kuliko nyingine.

Kibati na namba zake

Ushahidi wa kweli uko kwenye kibati kidogo cha chuma, kwa kawaida kwenye kibano kinachoshika ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti, ubavuni au upande wa ndani. Safisha taratibu kwa kitambaa na mafuta ya taa. Usitumie brashi ya waya, maana namba nyingi zimepigwa kwa kina cha unywele tu. Utaona namba mbili: ya modeli na ya mfululizo. Watu huzichanganya. Kwa injini za OMC, namba ya modeli ndiyo inayotaja mwaka na aina, na ya mfululizo peke yake haikufikishi mbali. Kwa Mercury ni kinyume: vipuri hutafutwa kwa namba ya mfululizo.

OMC ya kuanzia 1980 ina fumbo ambalo ukilijua hulisahau. Kiwanda kilichukua neno la Kiingereza lenye herufi kumi, INTRODUCES, na kuipa kila herufi tarakimu: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Ndani ya namba ya modeli, karibu na mwisho, kuna herufi mbili za mwaka. Ukikuta CR, hiyo ni 84. CO ni 85. EI ni 91. Kabla ya 1980 hakuna fumbo hilo. Johnson za miaka ya 1940 na 1950, kwa mfano, hutambulishwa kwa herufi na namba kama QD-10, ambayo ni farasi 10 ya mwaka 1949.

British Seagull, injini ya Uingereza iliyosambaa kila palipo na bandari ndogo, ina utaratibu wake wa kupendeza. Kwenye nyingi, namba huishia na herufi ya mwezi na tarakimu ya mwaka, na wingi wa herufi hutaja muongo: moja ni miaka ya 1960, mbili ni 1970, tatu ni 1980. GG4 basi ni mwezi wa saba, 1974. Kwa Yamaha za baadaye herufi moja hutaja mwaka, ila usijaribu kukisia kwa kufuata alfabeti, hazikupangwa hivyo.

Kibati kikiwa kimeng'olewa, usikate tamaa. OMC nyingi za baadaye zina kizibo cha bati cha mviringo kilichogongwa kwenye mwili wa injini, na namba ya modeli imepigwa juu yake. Kizibo hicho ni cha kuaminika zaidi, kwani kibano hubadilishwa kirahisi lakini kizibo hukaa na kichwa. Kisipokuwapo, hesabu mipira ya mafuta.

Naam, mipira. Injini nyingi za OMC za miaka ya 1950 zenye tangi la pembeni zina mipira miwili iliyoshikana, kwa sababu hazina pampu ya mafuta. Injini yenyewe inasukuma hewa kwenye tangi kupitia mpira mmoja, na shinikizo la hewa hiyo linarudisha petroli kupitia wa pili. Kuanzia 1960 hivi zikaja zenye pampu na mpira mmoja. Kwa hiyo mahali pa kuchomeka mpira panakupa muongo kabla hujasoma namba yoyote. Panakupa na onyo pia: tangi la kisasa la mpira mmoja halitailisha injini hiyo hata ufanyeje, na tangi la zamani lililochoka ni chombo cha petroli chenye shinikizo, miguuni mwako. Kama sili za kifuniko zimekauka, ama zibadilishe zote, ama mpe fundi aiwekee injini pampu. Mimi nafuata njia ya pili bila aibu, ingawa wapenzi wa vitu halisi hununa.

Kisa cha oili

Injini hizi nyingi ni za stroki mbili: hazina sehemu ya kuhifadhi oili, na kila tone la kulainisha linapita pamoja na petroli. Uwiano unategemea vyuma vilivyomo ndani. Beringi za bushi, yaani shaba tupu inayozungukwa na shafti, zinataka utando mzito wa oili. Beringi za rola zinaridhika na kidogo. Oili za zamani nazo zilikuwa hafifu.

Seagull za zamani zilitaka 10:1, sawa na mililita 100 kwa kila lita ya petroli, ndiyo maana zikipita huacha upinde wa mafuta juu ya maji. Za baadaye zikashuka hadi 25:1. OMC nyingi za miaka ya 1950 ni 24:1, karibu mililita 42 kwa lita. Mwaka 1964 OMC walihamia 50:1, mililita 20 tu. Sasa mtazame yule mjukuu. Akiamini ushauri wa jumla kwamba "injini za boti ni 50:1", na injini yake ni ya 1955, ameinyima nusu ya oili yake. Haitalalamika siku ya kwanza.

Kuna wanaosema basi zidisha oili, haidhuru. Hudhuru. Oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, yaani tundu jembamba la kabureta, kwa hiyo ukiongeza oili umepunguza petroli inayofika kwenye silinda, na mchanganyiko mkavu huchoma pistoni. Ndiyo sababu pia Seagull ya 10:1 haipelekwi 25:1 kwa kubadili kipimo cha oili peke yake. Sharti kabureta nayo irekebishwe.

Oili iwe ya injini za boti, yenye alama TC-W3. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, yenye joto kali. Ndani ya injini inayopozwa na maji haiungui sawasawa na huacha masizi kwenye ringi na plagi.

Kuiamsha

Usivute kamba kwanza. Toa plagi, mimina kijiko cha oili nyepesi katika kila silinda, iache usiku kucha, halafu zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa mkono kwa mwelekeo wake wa kawaida. Ikikataa, ongeza oili na siku. Aliyeleta bomba refu ili aongeze nguvu amevunja ringi zilizokuwa zimeganda tu.

Cheche ndiyo huwa imekufa, na mara nyingi kwa sababu ndogo. Chini ya flaiwili kuna pointi, yaani swichi ndogo ya chuma inayokata umeme ili cheche itoke, na sura zake zikikaa miaka bila kugusana hufanya utando usioonekana kwa macho. Zinang'aa, lakini umeme haupiti. Zisugue kwa msasa laini, kisha pitisha kipande cha karatasi safi kilicholowa spiriti mpaka kitoke bila weusi. Nafasi yake kwa OMC nyingi ni milimita 0.5. Koili za plastiki za miaka ya 1950 hupasuka kama udongo mkavu; ukiona ufa, nunua mpya, usizipake gundi. Cheche nzuri ni ya bluu na inaruka milimita 6 kwa mlio. Ya njano inayochechemea haitoshi. Na flaiwili hutolewa kwa pula yake (kifaa cha kuivutia), wala si kwa nyundo juu ya shafti.

Kabureta inafunguliwa, inaoshwa, inapulizwa. Usichokonoe jeti kwa waya. Ukiipanua umebadilisha injini. Katika nyingi za zamani boya ni la gome la koki lililopakwa vanishi ya zamani, na petroli yenye ethanoli huyeyusha vanishi hiyo. Koki hunywa petroli, boya linazama, na kabureta hufurika bila kukoma. Watu hulaumu sindano inayofungwa na boya wakati kosa ni la boya lenyewe. Ethanoli hulainisha pia mipira ya zamani mpaka ivimbe, kwa hiyo badilisha yote.

Impela ya pampu ya maji, lile gurudumu la mpira lenye mabawa, usiijadili, ibadilishe. Mpira uliokaa muda mrefu umejikunja upande mmoja na kukauka hivyo. Kwenye Seagull usiutafute: pampu yake ina gurudumu la plastiki lisilogusa kuta, na halichoki kwa namna hiyo.

Mwisho, mguu. Legeza skrubu ya chini utazame oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zinataka kubadilishwa. Seagull tena ni ya peke yake: mguu wake hauna sili ya maana, oili yake ni nzito ya SAE 140, na weupe kiasi ni hali yake ya kawaida. Unapojaza injini nyingine, jazia tundu la chini mpaka oili itoke la juu, ili hewa ipate njia.

Hapa niweke kosa langu ili lisirudiwe. Kwenye miguu mingi ya OMC, karibu na skrubu ya kumwagia oili, kuna skrubu nyingine yenye kichwa cha nyota. Inafanana kabisa na ya oili. Nilidhani ni hiyo, nikaitoa, nikasikia kitu kikidondoka ndani kwa sauti ndogo: tik. Skrubu ile ndiyo inayoshikilia mtambo wa kubadilishia gia. Kuirudisha kulinigharimu kufungua mguu mzima, Jumamosi yote. Ya oili ina kichwa kipana cha mfereji mmoja. Tazama mara mbili.

Pipa, halafu maji

Mahali pa kuiwashia kwanza ni ndani ya pipa la maji, nje penye hewa, maji yakiwa yamefunika lile bati bapa lililo juu ya propela. Bila maji, impela mpya huungua ndani ya sekunde. Nyingi za zamani hazina tundu la pembeni linalotema maji kama la injini za leo. Tafuta mvuke na matone nyuma ya mguu, kisha weka kiganja kwenye kichwa cha silinda. Kiwe cha moto unaoweza kuvumilika. Tone la maji likichemka juu yake, zima.

Kama kabureta ina sindano mbili za kurekebishia petroli, anza kwa kufungua ya mwendo wa polepole mzunguko mmoja na nusu, na ya kasi mzunguko mmoja. Ya polepole isawazishe kwenye pipa. Ikipiga chafya kupitia kabureta, ina njaa, ifungue kidogo. Ikigugumia kwa moshi mzito, imeshiba, ifunge. Ya kasi usiiguse pipani, kwa maana hapo propela haibebi mzigo wa kweli. Iweke sawa ukiwa majini, halafu ifungue kidogo zaidi ya pale iliposikika vizuri kabisa. Sauti tamu kupita kiasi ni sauti ya pistoni inayopikwa.

Kabla ya kutoka, pima urefu wa mguu. Mfupi ni wa ubao wa tezi wa sentimita 38, mrefu wa 51. Bati bapa likae usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Likikaa juu, propela itakula mapovu. Funga mnyororo kutoka kwenye injini hadi kwenye boti, kwa sababu vibano hulegea kwa mtikisiko na zimezama nyingi hivyo. Beba pini za akiba za propela, na ziwe zile laini za kiwanda. Pini inakatika ili gia zisikatike. Aliyeweka msumari badala yake ameamua kupoteza gia.

Nyingi za mwanzo hazina nyutro. Inapowaka, boti inaondoka, palepale, na wewe umesimama umegeuka nyuma. Kaa chini, elekeza omo kwenye maji mapana, na punguza mafuta hadi alama ya kuwashia. Kurudi nyuma ni kuigeuza injini nzima duara. Punguza kasi kwanza, la sivyo itakunyang'anya mpini. Seagull inawashwa kwa kamba unayoizungushia flaiwili iliyo wazi, na kamba ikitoka huruka nyuma kama kiboko, kwa hiyo abiria asikae hapo. Hakuna kamba ya usalama ya kuzimia. Jifunze injini yako inazimwaje kabla hujahitaji kuizima.

Ukirudi kutoka maji ya chumvi, iendeshe dakika chache kwenye pipa la maji baridi, funga bomba la mafuta, iache imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Kisha chukua rangi na brashi nyembamba, na juu ya tangi andika modeli, mwaka, na kipimo: 24:1, mililita 420 kwa lita 10. Herufi kubwa, pande zote mbili, ili atakayeikuta chini ya gunia asilazimike kukisia.